Jibu: Programu ya kuwafahamisha vijana kuhusu leso ianzie wapi?

Dada uliyeanzisha uzi huu, umeuliza kama programu yako ya kuwafahamisha vijana wa Nairobi kuhusu nguo za asili ianze na makumbusho ya kidijitali yenye picha za kuzungushwa pande zote, au na orodha ya kawaida ya picha na maelezo. Nimeshiriki kutengeneza chombo cha aina hiyo hapa jijini, tukishughulika hasa na leso, yaani kanga, na kwa maoni yangu picha za kuzungushwa zingoje. Leso ni kitambaa bapa chenye urefu wa takriban mita 1.5 na upana unaozidi mita 1 kidogo. Ukiizungusha kwenye skrini, mtazamaji haongezi ujuzi wowote. Anachohitaji kujua ni nani alimpa nani, na kwa nini.

Jambo hilo linagusa mpangilio wa hifadhidata tangu mwanzo. Waundaji wengi huifanya kila picha kuwa rekodi moja, kisha huweka jina la leso, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, chini ya picha kama maelezo tu. Mpango huo hukwama upesi, kwa sababu mchapaji anaweza kurudia pindo (mapambo ya ukingoni) na mji (mchoro wa katikati) uleule kwa rangi nyingine na kwa jina tofauti kabisa, na jina linalopendwa, kama vile "Japo sipati tamaa sikati", likatokea kwenye michoro isiyohusiana. Sisi tulitenganisha mchoro, jina, na leso yenyewe iliyo mikononi mwa mtu. Rekodi hii ya mwisho ndiyo inayobeba habari: mwenyewe aliipata harusini, alipojifungua au msibani, na kama aliivaa hadharani au aliifungia sandukuni kwa sababu ya maneno yake. Usisahau pia maandishi madogo ya ukingoni. Leso za Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, hutambulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla", na kijana anayepekua leso za nyanya yake hupata hapo historia ya biashara ambayo mchoro peke yake haumpi.

Wazo lako la kuelekeza kamera kwenye leso ili programu iitambue linawezekana, ila lianze na maandishi. Majina ya siku hizi huchapwa kwa herufi kubwa za Kirumi, ambazo hata simu ya bei nafuu huweza kuzisoma; leso za zamani zenye herufi za Kiarabu zinahitaji mtu anayezijua. Kutambua mji na pindo ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa leso ikishavaliwa hukunjika na sehemu kubwa ya mchoro hufichika. Kwa hiyo picha za kumbukumbu zipigwe leso ikiwa imetandazwa karibu na dirisha, bila flashi, na ikiwezekana doti nzima, yaani leso mbili zilizoungana, kabla haijakatwa.

Utajiri mkubwa zaidi, kwa niliyoyaona, uko kwenye sauti. Mama mzee ukimpa fomu ajaze, atakuandikia maneno mawili. Ukimpa kitufe cha kurekodi, atakueleza wifi yake alivyomtumia leso yenye kijembe, naye akajibu kwa ipi. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika, kwa sababu wifi huyo huenda bado yu hai na hakuombwa ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu habari zake pia, hivyo mruhusu msimulizi achague kati ya kuihifadhi hadithi kwa familia pekee na kuiweka wazi, na majina ya watu wengine yaondolewe kabla ya kuchapishwa. Ukivuka leso ukaingia kwenye mapambo na mavazi ya jamii nyingine, soma pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni, maana idhini ya mtu mmoja huenda isitoshe pale ambapo jamii nzima ndiyo yenye haki.

Mambo ya bando na nafasi ya simu hayana mjadala: picha zibanwe, na sauti zisikilizike hata mtandao ukikatika.

Umeuliza pia kama kitenge kiachwe kwa kuwa chimbuko la uchapaji wake wa nta ni batiki ya Java, na kampuni ya Vlisco ya Uholanzi imekuwa ikichapa vitambaa tangu mwaka 1846. Mimi ningekiingiza, asili yake ikielezwa waziwazi, kwani leso nyingi za zamani nazo zilichapwa India na Ulaya. Lakini toleo la kwanza libaki na leso pekee. Zungumza na wauzaji wa Biashara Street wakuruhusu kupiga picha kila mzigo mpya unapofunguliwa, maana majina mengi huuzwa kwa msimu mmoja tu na hayachapwi tena.