Usiiache filta ifute emaili zako, hilo somo nimeshalilipia

Mkuu, usibonyeze kitu kwanza! Unasema emaili za takataka zinakujia 60 kwa siku, fundi kakushauri uweke filta ifute yenyewe kila yenye neno "payment" au "deposit". Hiyo filta ndiyo iliyonimaliza mimi mwaka juzi.

Nina kaofisi ka kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro hapa Moshi, meza mbili na feni moja. Kijana wa steshenari karibu na stendi aliniona nafuta zile za "umeshinda mamilioni" huku nasubiri fotokopi. "Bosi, hizo zinaisha dakika tano." Akachukua 20,000. Kesho yake inbox nyeupe pee. Nikamnunulia na soda, mjinga mimi.

Wiki ya sita napigiwa WhatsApp na Mholanzi, namba yangu kapewa na mgeni wangu wa zamani. Mpole kabisa. Anasema wameshapata kampuni nyingine, alitaka tu kujua kama niko mzima, maana ameandika mara tatu kimya. Nikafungua Trash mikono inatetemeka. Gmail vilivyofutwa inavitunza siku 30 tu, kwa hiyo ya kwanza ilishapotea. Nikakuta mbili. Ya mwisho mistari minne: tuko watu 9, njia ya Machame siku 7, mwezi wa nane, deposit tutume wapi?

Mtu anauliza pesa apeleke wapi, na mimi nimelipa 20,000 ili nisimsikie! Mpishi na wagumu, yaani wabeba mizigo, nilikuwa nimeshawaambia mwezi wa nane hakuna kazi. Hata ukitoa ada za KINAPA (hifadhi ya Kilimanjaro), chakula na mishahara, kilichobaki kingelipa shule ya watoto mwaka mzima. Najua mtaanza utani wa Mangi, Mchagga, kulilia hela. Lieni na nyie basi, tulie wote.

Nilimrudia yule kijana. Jibu lake: "Bosi, si ulisema hutaki usumbufu?" Fundi wa kompyuta hajui kwamba kwenye kazi yetu mteja anafanana na tapeli: humjui, yuko nje, anakuita "Dear Sir", na sentensi ya pili anaongelea pesa. Mashine itawatofautishaje?

Kwa hiyo filta isifute. Iambie iruke inbox na kuweka kwenye lebo, mimi yangu nimeiita Jalalani, kisha kila asubuhi unaipitia kwa macho yako na chai mkononi. Spam pia ipitie, nayo inajisafisha baada ya siku 30. Takataka halisi ripoti kama spam ili Gmail ijifunze. Usibonyeze "unsubscribe" ya mtu usiyemjua, unamthibitishia tu kwamba anwani inasomwa, kesho anakuletea ndugu zake.

Inanichukua dakika 10. Leo kwenye 43 kulikuwa na mama wa Ujerumani anauliza kama mtu wa miaka 68 anaiweza njia ya Marangu. Nimeshamjibu kabla hata chai haijapoa.

Wewe hiyo filta umeshaiwasha au bado? Kama umeiwasha, fungua Trash sasa hivi, tutaongea baadaye.