Bibi alipika makande ya kesho

Mhariri, wiki hii mmeuliza, "Kama ungejua Yesu anarudi mwaka huu, ungeacha kufanya nini?" Nimelisoma asubuhi dukani, nikaweka simu chini nikampimia mteja misumari kilo mbili, nikalisoma tena, na mpaka saa hizi usiku halijanitoka. Mi sitajibu ningeacha nini. Nitaongelea mtu aliyeacha kweli, maana nilikuwepo, nilikuwa na miaka 12, na naona watu wanalijibu hili swali kirahisi sana kwa sababu hawajawahi kukaa boma moja na mtu wa hivyo.

Kwetu ni Upareni, wilaya ya Same, kule juu kwenye tangawizi. Anayepafahamu anajua Usabato uliingia na wamisionari Wajerumani mwaka 1903, na bibi yangu kazaliwa humo humo. Kurudi kwa Yesu kwetu haikuwa habari ya kushtua mtu. Bibi akiagana na jirani alikuwa anasema "tuonane kesho, Bwana akikawia", anasema huku anafunga mzigo wa kuni, kawaida tu kama mtu anavyosema mvua ikikatika nitakuja.

Sasa mwaka 1999 akaja mhubiri mmoja, sio wa kanisa letu, jina lake naliacha. Jioni anakusanya watu nyumbani kwa mtu, anawaambia mwaka 2000 hautaingia. Na enzi zile hata redio zilikuwa zinasema kompyuta dunia nzima zitagoma usiku wa mwaka mpya, kwa hiyo maneno yake yalipata pa kushika. Bamdogo wangu, mtu mpole na mchapakazi kuliko wote kwenye ule ukoo, akaamini.

Aliacha kidogo kidogo. Kwanza akaacha kwenda msaragambo wa ndiva, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa letu la asili, maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi mnazibua yanashuka na mfereji, kila mtu na zamu yake, na tope likizidi ndiva inabeba maji kidogo ndo maana wanaitwa watu wote kuzoa. Afu vuli ikaja hakupanda, shamba lake likakaa na magugu katikati ya mahindi ya wenzake. Afu akauza ng'ombe. Yule ng'ombe ndo alikuwa ada, maana mtoto wake wa kwanza, kaka yangu huyo, alikuwa kafaulu darasa la saba, Januari aingie form one. Hela yote ikaenda kwa mhubiri, ikaitwa sadaka ya mwisho.

Tarehe 31 Desemba mwaka ule ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwa Msabato ni siku ya maandalio, unafua, unafagia, unapika na cha kesho ili Sabato isikukute jikoni. Bibi toka asubuhi alikuwa na sufuria kubwa la makande motoni. Maharage nilichambua mimi, vijiwe naviweka kwenye kifuniko. Mchana bamdogo akaja kavaa shati jeupe limepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo ya mikono imesimama, akasimama mlangoni akaliangalia lile sufuria. Akasema, "Mama, hayo ya kesho unampikia nani?" Na hakusema kwa dharau jamani, alisema kwa huruma, kama mtu anayemwona mamaake anakaribia kuachwa. Bibi akageuza makande, akaonja chumvi, akamjibu, "Watoto wataamka na njaa."

Jua lilipozama tukafungua Sabato kama siku zote, tukaimba, bibi akaomba akataja wajukuu wote kwa majina. Bamdogo na wenzake kama kumi na tano wakapanda kilimani juu ya ndiva. Mamdogo hakwenda, alikuwa na mtoto mchanga ana kifua. Mimi sikulala. Nilikuwa nasikia nyimbo zao zinashuka na upepo, zinakatika, zinarudi, na niliogopa kweli kweli, kila saa nagusa blanketi la bibi nijue kama bado yupo. Saa sita ilipita sijui ilipita lini, hatukuwa na saa mle ndani. Nilichosikia ni jogoo wetu, afu wa jirani, afu dirisha likaanza kupauka na bibi akawa anatafuta kanga yake gizani.

Walishuka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake ili wasikutane. Lile shati la bamdogo lilikuwa limelowa umande na mgongoni lina majani makavu. Akapita uani bila kumwangalia mtu. Bibi akapakua makande bakulini, yalikuwa yamepoa, akayaweka juu ya kigoda nje ya mlango wa bamdogo, akafunga kitambaa chake tukaenda kanisani. Tuliporudi bakuli lilikuwa pale pale, tupu, limeoshwa.

Jumapili ikaitwa msaragambo. Bamdogo alikuwa amekosa mara tatu, na ukikosa unalipa faini au zamu yako ya maji inarukwa. Akatokea na jembe. Wanaume wakanyamaza wote. Mzee wa ndiva hakumuuliza kitu, akamwonyesha pale mdomoni maji yanapotokea, ambapo tope ni zito na linanuka, na bamdogo akaingia mpaka mapajani akazoa hadi saa saba mchana bila kupumzika. Sisi watoto tulikuwa tunabeba tope kwa karai. Aliponijazia langu hakuniangalia usoni.

Shule zikafunguliwa, kaka yangu akabaki. Alichunga mbuzi wa watu mwaka mzima, afu akashuka Same mjini kupiga debe stendi. Mhubiri hatukumwona tena. Mwezi wa tatu redio ikatangaza Kanungu, Uganda, mamia ya watu wameteketea ndani ya kanisa tarehe 17 Machi, kundi ambalo nalo lilikuwa linangoja mwisho wa dunia usiku ule ule wa bamdogo. Alikuwa uani anachonga mpini. Akanyanyuka akaizima redio ya bibi taratibu, akarudi kukaa, ila hakuchonga tena siku ile. Na mwaka 2023 ilipotoka ya Shakahola kule Kilifi, miili zaidi ya 400 imefukuliwa msituni, watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu, na watoto wao wakiwemo, nilimpigia simu. Akasema "nimesikia", akaniuliza habari za watoto wangu.

Kwa hiyo nilianza kuandika nikiwa na jibu langu moja gumu, kwamba swali lenu ni la hatari, watu waambiwe wafanye kazi, habari ya kungoja waachane nayo. Na Paulo nilimwona yuko upande wangu, maana Wathesalonike walikuwa na watu wa namna hiyo hiyo akawaandikia kabisa, asiyetaka kufanya kazi basi asile. Luka 19 naye, yule bwana anawaachia watumwa fedha anawaambia "fanyeni biashara hata nitakapokuja", na mimi ni mtu wa duka, huo mstari naupenda.

Ila nilifungua Mathayo 24 ninukuu pale pa siku ile na saa ile hakuna aijuaye, macho yakashuka mistari ya chini, na hapo imebidi nitulie. Yule mtumwa mbaya pale sio anayengoja. Ni yule anayesema moyoni bwana wangu anakawia, ndo anaanza kuwapiga wenzake na kula na walevi. Na yule mwaminifu kazi aliyopewa ni moja tu, awape watu chakula kwa saa yake. Nimesoma mara tatu. Miaka yote hii nimekuwa nikimweka bibi upande wa wasiongoja kwa sababu alipika, kumbe yeye ndo alikuwa anangoja kuliko wale wa kilimani, na sufuria lilikuwa sehemu ya kungoja kwake.

Na ukiangalia, hata huo Usabato wenyewe umetoka kwenye usiku kama ule. Marekani, mkulima mmoja anaitwa William Miller alikuwa akihubiri kwamba Yesu yuko karibu kurudi, wafuasi wake wakaishia kwenye tarehe 22 Oktoba 1844, kuna walioacha hadi mazao shambani, na kulipokucha walilia. Katika hao waliolia ndo wakatokea walioanzisha kanisa rasmi mwaka 1863, na hawakuacha kusema anakuja upesi, ila safari hii bila tarehe, na huku wanachimba misingi ya shule na hospitali. Nenda Heri kule Kigoma uone hospitali ya watu wanaoamini dunia hii inaisha.

Sasa jibu langu, mlipokee na kasoro zake. Nikijilinganisha na bamdogo, mi nina duka, nina bima, nina kiwanja Kibaha, na ukweli ni kwamba zinaweza kupita wiki sijafikiria hata mara moja kwamba kuna mtu anarudi. Mizani yangu haidanganyi, lakini haidanganyi kwa sababu naogopa wakala wa vipimo. Hiyo sio kungoja. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua, na naandika hili huku namkumbuka kaka yangu pale stendi na mkono unasita, nachagua kungoja. Mradi pasiwepo mtu wa kunipa tarehe. Mradi ada ya mtoto isiguswe, hiyo sirudi nyuma hata akija malaika. Na bado sijui kama ningemwambia hivi kaka yangu usoni.

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani. Bamdogo sasa ni mtu mzima, ndo wamempa kazi ya kuziba ndiva kila jioni. Nilimsindikiza na tochi. Akaingia na buti zake, akasukuma kizibo, akashindilia udongo kwa kisigino, akatoka akasimama ukingoni akinyanyua uso kuelekea mashariki, kimya, muda mrefu kidogo. Nilizima tochi. Maji yalikuwa yameanza kupanda. Afu akasema mamdogo wako kashapakua, tukashuka.