“To” au “-ing”? Maswali yenu kuhusu vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatana

Maswali karibu yote yaliyoingia safari hii yanauliza jambo moja kwa sura tofauti: kitenzi cha Kiingereza kikifuatwa na kingine, hicho cha pili kikaeje? Yanayofanana nimeyaunganisha. Twende.

Mwalimu, shikamoo. Kwa nini “I want to swim” ni sahihi, lakini nikisema “I enjoy to swim” nakatwa maksi? Kwetu yote si kuogelea tu? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Marahaba. Shida umeigusa penyewe. Kiswahili kina “ku-” moja inayofanya kazi zote: nataka kuogelea, nafurahia kuogelea, nimeacha kuogelea. Kiingereza kazi hiyo kimeigawa mafungu mawili, na anayegawa ni kitenzi kinachotangulia. “Want”, “decide”, “hope”, “promise”, “refuse” na “manage” hudai “to”. “Enjoy”, “finish”, “avoid”, “deny”, “keep” na “mind” hudai “-ing”. “Start”, “begin” na “continue” havina makuu; ukivipa “to” au “-ing”, mara nyingi maana ni ileile.

Sasa chukua sentensi hii: nilitaka kuanza kujaribu kuacha kuvuta sigara. Baada ya “nilitaka” kuna “ku-” nne mfululizo, na wala hukushtuka. Mwingereza atasema: “I wanted to start trying to stop smoking.” “Want” imedai “to start”. “Start” imechukua “trying”, ingawa “to try” nayo ingepita. “Try” imedai “to stop”, na “stop” ikadai “smoking”. Kila kitenzi kinamwamulia yule anayemfuata tu, wa mbali hakimhusu. Kwa hiyo sentensi ndefu isikutishe, ishughulikie viwili viwili.

Zile orodha za kukariri kwa alfabeti, “admit, appreciate, avoid”, mimi sizipendi. Zinakaa kichwani mpaka siku ya mtihani, kisha zinayeyuka. Ukikutana na kitenzi kipya, kiandike daftarini pamoja na mwenzake: si “avoid” peke yake, bali “avoid driving at night”. Ukija kukihitaji, vitakuja vyote viwili.

Barua yangu ya maombi ya kazi niliimalizia hivi: “I am looking forward to hear from you.” Rafiki yangu akacheka. “To” si ipo? Kosa liko wapi? (Msomaji, Dodoma)

“To” ipo, ila si ile uliyoizoea. Hii ni kihusishi, ndugu yake “to” ya “I am going to Dodoma”. Vihusishi vya Kiingereza hufuatwa na nomino, na kitenzi kikitaka kukaa hapo ni lazima kivae “-ing”: “Thank you for coming”, “before leaving”, “interested in learning”. Kwa hiyo andika “I am looking forward to hearing from you”.

Ukiwa na mashaka, chomeka nomino uone. “I look forward to your reply” inakubali, basi “-ing” ndiyo mahali pake. “I want to your reply” haikubali hata kidogo, basi hapo panataka kitenzi kitupu.

Kipimo hichohicho kitakuokoa kwenye mtego mwingine. “I used to wake up at five” maana yake zamani nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, siku hizi siamki. “I am used to waking up at five” ni nimezoea, na kesho naamka tena. Ukiandika ya kwanza ukimaanisha ya pili, umemwambia mwajiri kwamba uchapakazi umeuacha.

Ni kweli “stop to” na “stop” yenye “-ing” zina maana mbili, au ni mambo ya Wazungu ya kutuchanganya tu? (Dereva wa daladala, Dar es Salaam)

Ni kweli, na kwa kazi yako tofauti utaiona haraka. “The driver stopped to pick up passengers”: dereva alisimama ili apakie abiria. “The driver stopped picking up passengers”: dereva aliacha kupakia, labda gari limejaa, labda konda ameona trafiki wako mbele. Katika ya kwanza kilichosimama ni gari. Katika ya pili kilichokoma ni kile kitendo cha kupakia.

Vipo vingine vichache vya namna hiyo, na hivi ndivyo vya kutumia muda wako. “Remember to lock the door” ni agizo, mlango bado haujafungwa. “I remember locking the door” ni mtu anayejitetea: nilifunga, nakumbuka kabisa. “Try to open the window” unamwambia mtu pale dirisha linapokuwa gumu, na huenda likamshinda. “Try opening the window” dirisha halina tatizo. Chumba kina joto, tufungue tuone kama patapoa. Na “regret” wengi mmeshakutana nayo kwenye majibu ya maombi ya kazi: “We regret to inform you”. Habari mbaya ndiyo inakuja, na anayeandika wala hajuti. Anayejuta atasema “I regret telling him”, maneno yakiwa yameshamtoka.

Walimu wengine hufupisha hivi: “to” hutazama mbele, “-ing” hutazama nyuma. Kwa “remember”, “forget” na “regret” inasaidia sana. Usiibebe kila mahali. “Consider moving” ni kufikiria kuhama, na hujahama, lakini “-ing” iko palepale.

Mwalimu wetu anasema “He made me to wait” ni kosa. Mbona Biblia ya Kiingereza ya bibi yangu ina “He maketh me to lie down in green pastures”? (Msomaji, Bukoba)

Mwalimu yuko sawa, na Biblia ya bibi iko sawa. Hiyo ni Zaburi ya 23 katika tafsiri ya King James ya mwaka 1611, na Kiingereza cha enzi hizo kiliruhusu “make” ifuatwe na “to”. Cha leo kimeikataa: “She made me wait”, “Let him go”. “Help” hupokea yote mawili, “help me carry” au “help me to carry”.

Kinachochekesha ni kwamba ukigeuza kauli iwe ya kutendwa, ile “to” iliyofukuzwa inarudi: “I was made to wait.” Hapo ukiiacha umekosea. “Let” yenyewe kugeuka haitaki, kwa hiyo sema “I was allowed to go”.

Ukifungua Zaburi hiyohiyo kwa Kiswahili utakuta neno moja tu, “hunilaza”. Sisi tuna kauli ya kutendesha: lala huzaa laza, cheka huzaa chekesha, soma huzaa somesha. Kiingereza hakina kiambishi cha kubandika kwa urahisi namna hiyo, ndiyo maana kinapanga vitenzi viwili na mtu katikati: alinichekesha, “she made me laugh”.

Ukishalizoea hilo, angalia na “have”. “I had my hair cut” ni nilienda kinyozi. “I had cut my hair” ni mkasi nilishika mwenyewe. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni mpangilio.

Kwenye barua pepe za ofisini naandika “I want that he comes”. Bosi hurekebisha kila mara bila kueleza. (Msomaji, Nakuru)

Umetafsiri “nataka aje” neno kwa neno. Kwetu “aje” inabeba mtendaji wake yenyewe. Kiingereza humkamata huyo mtu, kikamfanya mtendwa wa “want”, kisha kikaleta “to”: “I want him to come.” “Ask”, “tell”, “expect” na “allow” hufuata njia hiyo.

Ila ukishajifunza hivyo usije ukaandika “I suggested him to come”, kosa ninaloliona ofisini kuliko yote. “Suggest” haitaki huo mpango. Sema “I suggested that he come”, na hiyo “come” isiyo na “s” inafanana sana na “aje” yako.

Mwanangu anasema “He didn't went”. Nimerekebisha mpaka nimechoka. (Mzazi, Arusha)

Kiswahili husema “alikuwa amelala”, vitenzi viwili na kila kimoja kina alama yake. Kiingereza hubandika alama ya wakati mara moja tu, kwenye kitenzi cha kwanza. “Did” imeshabeba wakati uliopita, basi “go” ibaki tupu. Ni hivyohivyo kwa “Does he know?”, kwani “s” imeshakaa kwenye “does”. Badala ya kumrekebisha, muulize: nani hapa amebeba wakati? Atajirekebisha mwenyewe.

“Wanna” na “gonna” za kwenye nyimbo, naruhusiwa kuzitumia? (Msomaji, Mombasa)

Kwa mdomo, sema upendavyo. Kwenye barua ya kazi, acha. Na hata kwa mdomo kuna mahali wenyewe hawasemi “wanna”. “Who do you wanna see?” watasema, yaani unataka kumwona nani. Lakini wakiuliza unataka nani ashinde, wengi wao hutamka kamili, “Who do you want to win?”, kwa sababu huyo “who” nafasi yake ya asili ilikuwa katikati ya “want” na “to”. Ingawa ameshahamia mwanzo wa sentensi, maneno hayo mawili hayajakubali kuungana.