Kwa nini wanachama hukubali mkutanoni kisha hulalamika nje

Dada yangu wa Kibuye, umeuliza kwa nini wanachama wenzako waliinua mikono kuunga mkono ununuzi wa mahema ya kukodisha, kisha wakakuambia mkielekea steji kwamba hawakuutaka kamwe. Tafadhali usiwaite wanafiki. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch alichapisha, nchini Marekani, matokeo ya majaribio ambamo mtu mmoja aliketi na wenzake walioelekezwa kisiri kutoa jibu lisilo sahihi kuhusu urefu wa mistari, ilhali macho yake mwenyewe yalimwonyesha ukweli waziwazi; hata hivyo, takriban thuluthi moja ya majibu yalifuata kosa la kundi. Baadhi ya waliojaribiwa walieleza baadaye kwamba waliujua ukweli ila waliogopa kuonekana tofauti. Kinachonigusa zaidi ni kwamba alipokuwepo mwenzao mmoja tu aliyesema kweli, shinikizo hilo lilipungua sana.

Katika chama chenu naona tatizo ni mpangilio: mwenyekiti hutoa maoni kwanza, mweka hazina huafiki, na anayefuata, ambaye pengine bado anadaiwa mkopo na chama hicho hicho, atapata wapi ujasiri wa kupinga? Pendekeza kila mmoja aandike uamuzi wake kwenye karatasi isiyo na jina kabla viongozi hawajazungumza. Wakikataa, tafuta mapema mwanachama mmoja mwenye mashaka kama yako, mkubaliane kwamba atakayetangulia kusema hataachwa peke yake. Kuhusu mahema yenyewe, ombeni mkutano wa dharura kabla salio halijalipwa.