Maswali na Majibu: Mada ya Utafiti Haiombwi

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wanaojiandaa kusoma umahiri na uzamivu katika sanaa na sayansi za jamii. Naanza na ile inayonifikia kila msimu wa udahili.

Naomba unipatie mada ya utafiti. Nilisoma sosholojia, nataka kuanza umahiri mwaka huu. (Dodoma)

Sikupi, na usimwombe mwingine. Utaishi na mada hiyo miaka miwili au zaidi, na siku ya kutetea watahini watakuuliza kwa nini uliichagua. Utajibu nini? Kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, nenda maktaba ya chuo kilicho karibu nawe, uombe tasnifu kumi za fani yako, usome sura ya kwanza na ya mwisho ya kila moja. Utakuta nyingi zinaitwa "Changamoto za" jambo fulani, "Uchunguzi Kifani wa Wilaya" fulani. Wilaya zinabadilika, mapendekezo ni yaleyale: elimu itolewe, bajeti iongezwe. Wenzenu wa fasihi nao wamekwama kwenye "Usawiri wa Mwanamke" katika riwaya za waandishi walewale. Inaniuma, maana maswali ambayo hayajaguswa yamejaa kila mahali.

Chukua ushirika. "Mchango wa ushirika katika maendeleo ya Kilimanjaro" ni kichwa cha hotuba, bado si swali. Lakini wakulima wa kahawa wa huko walianzisha chama chao mwaka 1925, KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika, ikaja 1933, kisha serikali ikavunja vyama vya ushirika mwaka 1976 na kuviruhusu tena miaka ya 80. Katika miaka hiyo ya kati, kijijini nani alipima kahawa, na nani alishika daftari la madeni? Hapo una swali. Lina mipaka, lina nyaraka za kutafuta, na wazee wanaokumbuka wanapungua kila mwaka. Ukilipata la namna hiyo kwenye jambo unalolijua wewe, niandikie, nitakusomea pendekezo lako kwa furaha.

Naweza kuandika tasnifu ya uzamivu kwa Kiswahili? (Tabora)

Ukiwa unasoma Kiswahili, ndiyo. TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafanya hivyo, na idara za Kiswahili za Kenya pia. Ukiwa historia au sosholojia jiandae kwa Kiingereza, jambo ambalo naliona ni hasara kubwa, kwa kuwa uliowahoji hawataisoma kazi yako. Angalau maneno yao yaweke kama walivyoyasema, tafsiri ifuate. Msimamizi akikuambia uyaondoe ili kupunguza kurasa, mbishie kwa adabu.

Nataka kuandika juu ya Vita vya Maji Maji, ila Kijerumani sijui. Ni lazima? (Songea)

Inategemea unauliza nini. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zimo Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, Upanga, na nyingi ni za mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo hauwezi mpaka afundishwe. Ukitaka kujua maofisa waliamua nini mwaka 1905, huna njia ya mkato: jifunze lugha na mwandiko. Ukitaka kujua vita vile vinakumbukwaje, anza na mradi wa 1968, ambapo wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikwenda kuwahoji wazee katika maeneo ya vita. Soma walichokusanya, kisha nenda vijiji vilevile uulize wajukuu. Kazi ya pili haina hadhi ndogo kuliko ya kwanza, asikutishe mtu.

Nahoji watu kijijini kwetu. Kibali cha nini? (Njombe)

Ni lazima. Barua ya chuo inapita kwa katibu tawala wa mkoa, wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Na kibali hakimlazimishi mtu yeyote kukujibu. Ridhaa ya kila mhojiwa unaiomba upya.

Msimamizi wangu hajanijibu tangu Februari. (Mwanza)

Ulimtumia nini? Wengi hutuma sura nzima na mstari mmoja, "naomba maoni yako mwalimu", kisha wanasubiri. Tuma kurasa chache zenye maswali mawili mahususi, na kila mkikutana mwandikie siku hiyohiyo mambo mliyokubaliana. Akinyamaza bado, peleka barua hizo kwa mratibu wa masomo ya umahiri na uzamivu wa idara. Kumkumbusha mwalimu si kumvunjia heshima. Lawama kubwa naielekeza kwa vyuo vinavyodahili watu wengi kuliko walimu waliopo wanavyoweza kuwasimamia. Ninyi ambao hamjaomba nafasi, watafuteni kwanza wanafunzi wa msimamizi mnayemtaka, muwaulize anarudisha kazi baada ya muda gani.

Kuna vijana wa steshenari wanaandika sura ya nne ya tasnifu kwa bei nafuu, na Turnitin, programu ya kukagua kazi za kunakili, haikamati. Kuna ubaya? (hakutaja alipo)

Ni udanganyifu, na shahada inaweza kufutwa hata baada ya mahafali. Swali hili sitalijibu tena.

Chuo changu kinadai makala mbili kabla ya uzamivu. Jarida moja limeikubali yangu kwa siku nne, wanataka dola. Nilipe? (Eldoret)

Usilipe. Kwa siku nne hakuna mtaalamu aliyeisoma. Kutoza ada peke yake si kosa, yapo majarida mazuri yanayotoza, lakini kanuni za Kenya za 2014 zinataka jarida linalopitiwa na wataalamu. Ukiwa wa Kiswahili, jaribu *Kiswahili* au *Mulika* ya TATAKI. Ukiwa sayansi za jamii, angalia majarida ya CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililoko Dakar. Watachukua miezi, kwa hiyo tuma mapema, hata kabla hujamaliza sura ya mwisho. Na hilo jarida la siku nne, chagua mhariri mmoja aliyeorodheshwa, tafuta anwani yake chuoni kwake, umuulize kama anajua jina lake liko pale.