Friji kuukuu linapakika rangi, ila kazi iko kwenye msasa

Friji la mama tulilinunua mtumba, na kwa miaka mingi limekaa kwenye kibaraza cha nyumba yetu Tanga, karibu na bahari. Humo ndimo alimogandisha barafu za ukwaju na ubuyu alizowauzia watoto wa shule, na karo zangu mimi na wadogo zangu sehemu yake kubwa ilitoka humo. Mtambo wake bado mzima, unagandisha vizuri. Kilichokuwa kinakufa ni bati. Upepo wa chumvi, maji yanayodondoka mlangoni kutwa nzima, na mikono iliyolowa ukwaju vililitia kutu kuanzia chini ya mlango hadi usawa wa kitasa. Wadogo zangu walisema liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama hakutaka hata kulisikia jambo hilo, na mimi nilikuwa upande wake.

Mara ya kwanza nilimwita mpaka rangi wa nyumba. Alilifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akafungua kopo la rangi ya mafuta, na baada ya saa mbili friji liling'aa kama jipya. Mwezi haukuisha, rangi ikaanza kujikunja pembeni ya kitasa. Nikashika ncha yake nikavuta, kikatoka kipande kikubwa kama kiganja. Nilipokigeuza nikaona upande wa nyuma umeshika utando wa njano unaonata, yale mafuta ya kukaangia yanayopaa na moshi na kutua juu ya kila kitu, na katikati yake unga wa kutu. Rangi ile haikuwahi kugusa bati hata kidogo. Ilishika mafuta tu. Fundi simlaumu peke yake, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namhimiza amalize haraka.

Mara ya pili nilifanya mwenyewe, na ilinichukua siku nne kabla sijafungua kopo la rangi. Ukitaka kuchukua jambo moja tu kwangu, chukua hilo.

Chomoa waya ukutani, toa vyakula, acha barafu iyeyuke yenyewe bila kuichokoa kwa kisu. Fungua kitasa na skrubu zake uzitie kwenye kikombe. Mpira wa mlango, kama unachomoka, uchomoe uuoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Kama hauchomoki, uzibe kwa tepu ya karatasi, kwa sababu mpira uliopakwa rangi hukakamaa na ubaridi hutoroka. Kisha osha mwili wote kwa sabuni ya unga, suuza, osha tena. Usianze na msasa kabla ya kuosha. Msasa juu ya mafuta unayasukuma tu yaingie kwenye mikwaruzo, na hapo hata ukiosha baadaye hayatoki kirahisi.

Kwenye kutu nilitumia brashi ya waya na msasa namba 120 mpaka bati likatoa weupe wake. Palipotoboka nikaziba kwa puti ya magari, ile inayochanganywa na kigumisho. Kwengine kote rangi ya zamani ilikuwa bado imeshika, kwa hiyo sikuibandua; niliiua mng'ao tu kwa namba 240, nikamalizia na 400 ikiwa imeloweshwa maji. Friji likiwa la zamani sana, hakikisha unalipiga msasa wa maji, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake si la kuvuta, hasa kama kuna watoto nyumbani. Baada ya msasa mwagia maji kidogo. Yakitandaa kama shuka, pasafi. Yakijikusanya matone matone, bado pana mafuta, rudia kuosha.

Hapa nataka nisisitize sana: usitoboe wala usisugue ubavu wa friji kwa mashine. Mafriji mengi mabomba yake ya gesi yamepita nyuma tu ya bati la ubavuni. Kama likiwa linafanya kazi ubavu wake huwa wa moto ukiugusa, basi jua mabomba yapo hapo. Na mafriji mengi ya siku hizi yanatumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto. Soma kibandiko chake cha nyuma. Zile chuma nyeusi kama wavu zilizo nyuma usizipake rangi. Zifute vumbi tu, ndizo zinazotoa joto nje.

Bati likishakuwa jeupe, lipige praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Mimi jioni ilinikuta sijamaliza, nikaacha sehemu ya chini wazi. Asubuhi ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Usiku mmoja tu wa hewa ya bahari! Nikaanza upya pale.

Nilichagua Januari, wakati wa kaskazi, kwa sababu ukipuliza rangi kwenye unyevu wa masika hupata ukungu mweupe juu yake. Saa tatu asubuhi, umande umekauka na upepo bado haujaamka, nikamwagia uwanja maji vumbi litulie. Majirani niliwaomba wasiwashe majiko karibu, maana mvuke wa rangi na wa tina, ile ya kuyeyushia rangi, unaripuka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo, kwa hiyo fanyia nje. Kopo la kupuliza lishike shubiri moja kutoka kwenye bati, anza kupuliza kabla ya ukingo na uachie baada ya kuuvuka, mkono usisimame. Mkono wa kwanza wa rangi uwe mwepesi kiasi cha kuiona praima chini yake. Ukiona aibu ukaongeza papo hapo, inatiririka. Mimi nilipiga minne, nikisubiri kama robo saa kila mara. Mama alichagua samawati.

Rangi ilikauka kwa kuigusa siku ileile, lakini kukomaa ni kama wiki nzima. Milango niliiacha wazi kidogo, nimeibania kandambili, kwa sababu mpira ukikutana na rangi mbichi hugandana na kuibandua. Siku ya tatu mama alikuja juu: "Joto lote hili, mwanangu, umeniwekea friji pambo?" Nikambembeleza. Kwa kuwa nilikuwa nimelilaza ili nipake chini, nililisimamisha vilevile muda mrefu kabla ya kulichomeka, mafuta ya kompresa, ile pampu ya gesi, yapate kurudi mahali pake.

Kabla ya kulijaza nilibana noti ya elfu moja mlangoni nikaivuta pande zote nne. Ilishika vizuri, isipokuwa kona ya chini ambako mpira ulikuwa umelegea. Nikaupasha kwa maji ya moto na kuunyoosha, ukashika. Rangi iliyobaki nimeitia kwenye vichupa viwili vidogo, kimoja cha praima na kimoja cha samawati. Mama amevitundika nyuma ya mlango wa jikoni, na kila akiona mkwaruzo anaukausha, anaupiga msasa kidogo na kuupaka kwa pamba.