Maswali ya walimu: “it” saba katika shairi moja

SWALI: Nafundisha Kiingereza kidato cha pili. Wanafunzi wakipewa sentensi moja moja wanapata, lakini insha zao hazishikani. Mama ni “she” mwanzoni, mistari miwili mbele ameshakuwa “he”. Nimeshauriwa nitumie mashairi. Nianzie wapi? Si nitapoteza kipindi?
Mwalimu, Mbagala

JIBU: Hupotezi, mradi usianze na dhamira na tamathali za usemi, huko ndiko dakika 40 huishia. Chagua shairi fupi lenye kisa, kwa sababu kisa kina watu na vitu vinavyotajwa tena na tena. “A Poison Tree” la William Blake (1794) linafaa sana: beti 4, mishororo 16, kisa cha mtu anayemficha adui hasira yake hadi inakua na kuzaa tunda.

Andika ubaoni maana za “wrath”, “foe”, “wiles” na “beheld”. Ongeza “stole” ya ubeti wa mwisho, maana darasa zima litasema “aliiba”, kumbe hapo ni kuingia kwa kunyemelea. Soma shairi kwa sauti mara mbili, kisha watafute kila “it”. Ziko 7. Kila moja waichoree mshale wa penseli hadi kwenye nomino yake.

Mishale 5 ya mwanzo inarudi kwenye “wrath” (hasira). Watakapofika “And my foe beheld it shine” wengi watateleza, kwani “it” imeshahamia kwenye “apple” ya mshororo wa juu yake. Usiwasahihishe haraka. Waulize wangesemaje kwa Kiswahili: hasira niliimwagilia maji, tunda adui akaliona. Ngeli zetu zinatenganisha -i- na -li-, Kiingereza kinatumia neno moja kwa vyote viwili, hivyo msomaji hana budi kurudi nyuma. Kwa “he” na “she” mambo yanageuka: a- yetu haibagui jinsia, na ndiyo maana mama anageuka mwanamume kwenye insha.

Baadaye waulize: katika “And into my garden stole”, nani kaingia? Mtenda kadondoshwa, watamtoa ubeti uliotangulia. Na “the tree” ya mwisho ni mti upi, wakati ndani ya beti hakuna mti uliotajwa kabla? Kwa maoni yetu hili ndilo swali tamu kuliko yote, hata kama halitoki kwenye mtihani.

Usiishie hapo. Mishororo 7 inaanza na “And”, na wakiiga, insha zitachosha. Waandike beti mbili za kwanza kama aya ya sentensi 5, wakitumia “but”, “because” na “although”. Chunga “although… but”, inayotokana na “ingawa… lakini” yetu, na “my foe he saw”, yenye mtenda mara mbili. Waambie pia kwamba “I told it not” ni mpangilio wa zamani, wasiuandike.

SWALI: Nina wanafunzi 80 na fotokopi hakuna. Nifanyeje?
Mwalimu, Temeke

JIBU: Andika shairi ubaoni kabla ya kipindi, mishale ichorwe kwa chaki za rangi mbili. Kwenye madaftari wanakili ubeti wa 3 tu, wakiwa wawili wawili; makundi ya watu kumi huishia mmoja kuandika na tisa kupiga soga. Ubeti huo una “it” 4, mbili za hasira na mbili za tunda, na “he” moja.